Nzuri, Ila

“Hodi hapa.”

“Karibu, pita ndani.”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Habari za tangu juzi?”

“Nzuri.”

“Umeamkaje?”

“Salama tu, tunamshukuru Mungu.”

Bibi huyu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa hadi kwenye nyonga. Usiku ule alioamka “salama tu” hakuwa ameulala. Mkwewe aliniambia baadaye, tukiwa nje jikoni, kwamba bibi alikesha amejishikilia ukingo wa kitanda mpaka jogoo wa kwanza akawika. Lakini nilikuwa nimemwamkia, naye ameitikia, na kwa maamkizi yetu jibu lilishapangwa kabla mimi sijazaliwa. Hujambo? Sijambo. Yaani, huna jambo? Sina jambo. Hakuna anayejibu “ninalo.” Hata msibani, mfiwa akikupokea mlangoni ukamuuliza habari, atakwambia nzuri. Halafu atavuta pumzi: “Nzuri, ila ndiyo hivyo, mzee katutoka.”

Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila.

Naanza na maamkizi kwa sababu kazi yangu ni kuuliza watu hali zao kisha kuziandika kwa namba. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso ya wenye magonjwa mazito, mkoani Tanga, upande wa milimani. Nawatembelea wagonjwa majumbani, wengi wao wana saratani, na kwenye mkoba wangu, pamoja na glovu, chupa za dawa na mwavuli, kuna fomu. Kwenye semina fomu hizo zina jina refu: vipimo vya matokeo yanayoripotiwa na mgonjwa mwenyewe. Sisi tunasema fomu. “Umejaza fomu?” “Fomu ya bibi iko wapi?”

Wazo lake halina shida ya kueleweka. Presha inapimwa na mashine, damu inapimwa maabara, uvimbe unaonekana kwenye picha. Maumivu, uchovu, hofu, kukosa hamu ya kuzungumza hata na wanao, hivyo havina mashine. Mwenye navyo ndiye kipimo. Kwa miaka mingi daktari alikuwa anamtazama mgonjwa na kuandika mwenyewe “anaendelea vizuri.” Fomu ikasema hapana, muulize. Mimi ni muumini wa fomu, niliseme hilo mapema, maana huko mbele nitaonekana kama nazisema vibaya.

Ninayoitumia zaidi imetoka kwa chama cha tiba shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao makuu Kampala. Ina maswali 10 tu, saba ya mgonjwa na matatu ya ndugu anayemuuguza. Kila swali linaulizwa juu ya siku 3 zilizopita na jibu ni namba, kuanzia 0 hadi 5. Uzuri wake ni kwamba asiyejua kusoma anajibu kwa mkono. Ngumi ni sifuri, kidole kimoja ni moja, na kuendelea mpaka kiganja chote kiwe wazi, maumivu yasiyo mfano. Siku nilipofundishwa kipimo hiki nilifurahi. Hatimaye kitu kisichotaka kalamu, miwani wala umeme.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoletwa mzee wa Kimaasai kutoka Handeni, mguu mmoja umefungwa vitambaa na harufu imetangulia. Nilimweleza utaratibu wa vidole kwa haraka, na kijana wake akamtafsiria kwa haraka zaidi. Nikauliza maumivu. Mzee akanyanyua ngumi. Nikaandika 0, nikaingia swali la pili. Yule kijana alikuwa anachungulia karatasi yangu.

“Dada, mbona umeandika yai?”

“Si amesema hakuna?”

“Amesema tano.”

Kwa Wamaasai, mkono uliofumbwa ngumi ndiyo tano. Wamehesabu hivyo tangu enzi na enzi, na mzee wa umri ule hawezi kuacha hesabu ya babu zake kwa sababu ya maelezo ya nusu dakika kutoka kwa muuguzi mwenye haraka. Nilimtazama tena usoni. Taya zimekaza, jasho limelowesha shuka shingoni. Kila kitu pale kilikuwa kinasema tano isipokuwa karatasi yangu. Siku hizi kabla ya swali la kwanza namwomba mgonjwa anioneshe moja, anioneshe tatu, anioneshe tano, ndipo tuanze. Inachukua muda mfupi kuliko kutafuta kalamu mkobani.

Turudi kwa bibi. Nilipomuuliza maumivu, mkwewe akiwa amekaa pale kwenye mkeka, alinyoosha vidole viwili. Mkwe akatoka kwenda kuchota maji. Bibi akasubiri mpaka kishindo cha ndoo kilipofika mbali, akanigeuzia kiganja kizima.

“Bibi, si umenionesha viwili sasa hivi?”

“Yule mtoto ana mimba ya miezi saba. Nikisema tano mbele yake, atalala?”

Kwa hiyo kati ya vidole viwili na vitano hakukuwa na uongo. Kulikuwa na mtu amekaa mkekani. Namba yoyote ya mgonjwa ina msikilizaji wake: inatolewa mbele ya mwanawe kwa namna moja, mbele ya daktari mwenye koti jeupe kwa namna nyingine, mbele ya sheikh au mchungaji kwa namna ya tatu. Nimeanza kuandika pembeni mwa fomu nani alikuwepo. Hakuna kisanduku cha jambo hilo, naandika tu kwa penseli.

Lugha nayo ina mitego yake, na mingi naijua kwa sababu nimeshanaswa. Ukimuuliza mtu “unaumwa?” umemuuliza kama ni mgonjwa. Atajibu ndiyo, maana ndiyo sababu uko kwake, hata kama siku hiyo hapati maumivu popote. Lazima useme “kuna mahali panauma?” Neno “kidogo” ni la adabu kabla halijawa la kipimo, nimemsikia mama akisema “inauma kidogo” huku anauma upindo wa kanga. Swali lenye ukanushi ni balaa. “Hukulala vizuri?” “Ndiyo.” Kwetu ndiyo hiyo inakubaliana na muulizaji: ndiyo, sikulala. Mwenzangu aliyesoma fomu ya Kiingereza kichwani akaandika kwamba mgonjwa alilala. Na “wiki mbili zilizopita” ni kipindi cha watu wenye kalenda ukutani. Kijijini nauliza “tangu gulio la Jumatano ya juu,” na hapo watu wanakumbuka mpaka bei ya nazi.

Kuna swali linalouliza kama mgonjwa amekuwa na amani. Mama mmoja alinijibu kwamba nchi yetu ina amani sana, tumshukuru Mwalimu Nyerere. Mwingine alinijibu, bila utani wowote, kwamba Amani hajafika tangu mwaka juzi, barabara ni mbovu wakati wa mvua. Asiyejua mkoa wetu ajue kuwa Amani ni mahali, huko juu Usambara ya Mashariki, kwenye msitu na mashamba ya chai. Sasa nauliza: “Moyo wako umetulia?” Hilo halikosewi.

Wanaotafsiri fomu hizi wanaujua ugumu huu. Ile fomu mashuhuri ya Kimarekani, SF-36, inauliza kama afya yako inakuzuia kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Kuna swali lake jingine la huzuni lenye neno la rangi ya bluu ndani yake, maana kwa wasema Kiingereza huzuni ni bluu. Kwetu bluu ni bahari na sketi ya shule. Ilitafsiriwa kwa Kiswahili ikajaribiwa kwa watu wa Dar es Salaam, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kazi ya namna hiyo ikifanywa vizuri haiishii kwenye kamusi. Mmoja anatafsiri kuja Kiswahili, mwingine asiyeiona ya kwanza anairudisha Kiingereza, wanalinganisha, kisha wanakaa na watu wa kawaida na kuwauliza: hili swali umelisikiaje? Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi pesa zikiisha, na ndiyo ingemkuta yule mama wa Amani mapema.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, nililifanya mezani, nikiwa na kikokotoo, na Kiswahili hakikuhusika.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Niliombwa ripoti ya robo mwaka. Nikachukua majibu saba ya kila mgonjwa, nikajumlisha, nikachora grafu. Yule bibi wa vidole viwili ziara ya kwanza alipata 17. Ziara ya nne, mofini, dawa ya maumivu makali, ikiwa imeshakaa sawa na mwanawe wa Dar ameshakuja wakazungumza mpaka usiku wa manane, alipata 17. Mstari umelala kama maji ya bwawa. Mkubwa wangu aliniuliza, na alikuwa na haki, hizo nauli za bodaboda zinaleta faida gani.

Nikairudia fomu usiku ule. Maswali matatu ya mwanzo ni maumivu, dalili nyingine, na wasiwasi juu ya ugonjwa. Hapo 5 ni mbaya. Manne yanayofuata ni kama ameweza kuwaeleza watu wake yaliyo moyoni, kama ameyaona maisha yana thamani, kama moyo umetulia, na kama familia imepata msaada na ushauri wa kupanga ya mbele. Hapo 5 ndiyo nzuri. Bibi alianza na 5, 4 na 4 upande wa mateso, na moja moja upande wa faraja. Jumla 17. Akafikia 2, 2 na 1 upande wa mateso, na tatu tatu upande wa faraja. Jumla 17. Nilikuwa nimejumlisha deni na akiba nikaziita utajiri.

Mbaya zaidi alikuwepo mzee mmoja aliyeshuka kutoka 23 hadi 14, nami nilikuwa nimemweka kwenye jedwali la waliopata nafuu. Maumivu yake yalikuwa pale pale, karibu na mwanzo. Kilichoshuka ni utulivu, ni thamani ya maisha, ni mazungumzo. Mkewe alifariki katikati ya ziara zangu mbili. Mtu amebaki peke yake ndani ya nyumba, na mimi ofisini nimempigia alama ya vema kwa wino wa kijani.

Tangu siku hiyo fomu ile siijumlishi. Naisoma swali kwa swali, na nikilazimishwa jumla nageuza kwanza yale manne. Ni hesabu ya darasa la tano, na nimeshaiona imekosewa na watu wenye digrii kunizidi, kwenye slaidi za rangi nzuri.

Shangazi yangu anaishi Leicester, Uingereza, karibu miaka arobaini sasa. Alipobadilishwa nyonga alinitumia WhatsApp picha za fomu mbili, moja aliyojaza kabla ya upasuaji na nyingine aliyotumiwa nyumbani baada ya miezi sita. England wamefanya hivyo tangu Aprili 2009: mfumo wao wa afya, NHS, ulianza kuwauliza wagonjwa wa nyonga, magoti, ngiri ya kinena na mishipa ya miguu iliyovimba. Mbili za mwisho zilisimamishwa mwaka 2017, za nyonga na magoti zikaendelea. Majibu ya hospitali moja yanawekwa kando ya majibu ya hospitali nyingine, na mtu yeyote anaweza kuyaona. Kwetu huo ungekuwa ujasiri.

Fomu ya nyonga ni ile iitwayo Oxford Hip Score, maswali 12, kila moja 0 hadi 4, na 48 ndiyo hali bora kabisa. Nikamjumlishia. Alianza na 14 akafika 41. Hapo hapakuwa na haja ya kubishana na namba. Ukipanda kutoka 14 hadi 41, jirani anakuona barabarani anajua. Shida iko kwa wanaopanda alama moja au mbili. Mgonjwa yule yule, ukimpa fomu ile ile Jumatatu na Alhamisi bila chochote kubadilika, alama zitachezacheza. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta mabadiliko madogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe anayahisi kuwa yana maana, na chini ya hapo wanakaa kimya. Utafiti ukiwa na watu wengi wa kutosha, nusu alama inaweza kuonekana tofauti “ya kitakwimu,” na ndani ya kundi lote hilo asiwepo hata mtu mmoja aliyelala vizuri zaidi usiku.

Nikampigia shangazi kumpongeza.

“Nzuri,” akasema. “Namshukuru Mungu. Ila…”

Nikanyamaza.

“Ila nasali kwenye kiti. Wameniambia nisiinamishe nyonga kupita kiasi, na mimi naogopa. Nimerudishiwa duka, mwanangu, sijarudishiwa mswala.”

Nilizifungua tena zile picha. Maswali 12: kuna kuvaa soksi, kuna ngazi, kuna kuingia kwenye gari, kuna kununua vitu vya nyumbani mwenyewe, kuna kuamka mezani baada ya chakula. Kusujudu hakuna. Silaumu, fomu ilitengenezwa na wagonjwa wa Oxford, na wao soksi ndiyo ilikuwa karaha yao. Lakini lile jambo moja lililomfanya shangazi akubali kisu, ambalo alikuwa amemwambia kila mtu ukoo mzima, halikuwa na mahali pa kuandikwa. Alama 41 ni kweli tupu. Ni kweli ya maswali yaliyoulizwa.

Kipimo kinachonipa tabu zaidi kukitafsiri ni cha sonona. Neno lenyewe ni la redioni na vitabuni, kijijini watu wana “mawazo,” wana “moyo mzito,” “roho haina raha.” Tunatumia PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001 na ambayo sasa imezagaa dunia nzima kwa sababu ni fupi na ni bure. Maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Kwa kawaida ukifika 10 tunasema hapa pana jambo.

Sasa uangalie ndani. Usingizi umeharibika? Uchovu? Hamu ya chakula? Kufanya mambo polepole? Mgonjwa wa saratani ya umio atakupa tatu kwa karibu yote hayo, na kila moja lina sababu yake kooni. Nimewahi kuona mama mwenye alama 12 ambaye alikuwa anacheka, anapanga harusi ya bintiye na kugombana na mshonaji. Alama zake zote zilitoka mwilini. Na nimewahi kuona baba mwenye alama 6, ambaye kwa jedwali ni mtu wa kuangaliwa tu. Mbili katika hizo sita zilitoka kwenye swali la tisa.

Swali la tisa linauliza kama umefikiria kwamba ni afadhali ungekufa, au kujidhuru.

Fomu ilikuwa imeshajazwa na mwenzangu, imejumlishwa, imeandikwa 6, imetiwa kwenye faili. Hakuna aliyekosea hesabu. Niliiona kwa sababu nina tabia, niliyoipata kwa aibu ya ile grafu, ya kusoma fomu kutoka chini kwenda juu. Nikarudi kwa yule baba siku ile ile, tukakaa chini ya mwembe, na tulizungumza juu ya mambo mengi kabla hatujafika huko. Yu hai. Ninachosema ni kwamba jumla inaweza kuficha ila, na swali la tisa halitakiwi kusubiri jumla.

Watu huniuliza, na hasa madaktari vijana, kama haya yote yanaponya mtu. Nawapa mfano wa New York. Katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, Ethan Basch na wenzake walichukua wagonjwa 766 waliokuwa wakipata dawa za kemo, saratani zao zimeshasambaa. Baadhi walipata huduma ya kawaida, yaani unamweleza daktari mkikutana. Wengine walijaza dalili zao kwenye kompyuta, kichefuchefu, maumivu, pumzi kukata, na dalili ikipanda muuguzi alipata ujumbe wa barua pepe. Matokeo ya uhai yalitolewa mwaka 2017. Nusu ya wale wa huduma ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 26. Kwa waliojaza fomu ilikuwa zaidi ya miezi 31. Miezi mitano. Kuna dawa za mamilioni zinazojigamba kwa pungufu ya hapo.

Lakini kilichowaongezea siku wale hakikuwa kujaza. Ni yule muuguzi aliyefungua barua pepe akapiga simu, akabadilisha dawa, akamwita mtu hospitali kabla hajazidiwa. Hilo vijana hawalipendi sana, maana kununua tableti ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa kupokea majibu.

Najua upande wa pili wake. Kabla ya kuja Tanga nilifanya kazi mahali pengine, sitapataja. Kulikuwa na kipindi mofini ya maji haikuwepo. Mofini hiyo si kitu cha ajabu: ni unga unaochanganywa na maji, bei yake ndogo, na wenzetu wa Uganda wameitumia majumbani tangu Daktari Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kwetu kipindi kile kibali kilikuwa mezani kwa mtu, na mtu alikuwa safarini. Fomu zilikuwepo, tena nyingi, zimechapwa vizuri, maana ufadhili wa fomu ulikuwa na bajeti yake.

Nilikwenda kwa mgonjwa, dereva wa lori, saratani ya tezi dume iliyoingia uti wa mgongo. Nikauliza. Akafungua kiganja. Nikaandika 5. Nilikuwa na panadol. Kesho yake nikaenda tena, nikauliza tena, maana utaratibu ulitaka hivyo.

Akanitazama. “Mwanangu, hiyo tano si uliiandika jana?”

Sikujaza. Nilikaa naye, nikamsogeza mito, nikaondoka. Kwenye takwimu za mwezi ule mgonjwa huyo anaonekana kama “taarifa hazikupatikana.”

Kuna jambo moja bado linanisumbua, nalo linahusu kupata afadhali. Nina wagonjwa ambao ugonjwa unakwenda mbele, mwili unapungua, ila namba zao zinapanda. Mzee aliyekuwa akinipa 2 kwenye thamani ya maisha alipokuwa bado anatembea hadi msikitini, alinipa 5 alipokuwa hawezi kushuka kitandani. Watafiti wameliandika sana jambo hili: mtu anabadilika ndani, anahamisha kijiti alichokuwa akipimia. Zamani maisha mazuri yalikuwa shamba. Sasa ni mjukuu kuja kumsomea. Kwa hiyo 2 ya Machi na 5 ya Agosti hazijapimwa kwa rula moja. Mkubwa wangu anaita kasoro ya kipimo. Mimi naona ndicho kitu nilichotumwa kukileta, lakini sijapata namna ya kukichora kwenye grafu yake.

Nilichopata ni kidogo. Fomu yetu ikitolewa kopi hubaki na nafasi upande wa kulia, upana wa vidole viwili. Nimepiga mstari pale, juu yake nimeandika neno moja: Ila. Nikishamaliza maswali yote, namba zote zimekaa, naweka kalamu chini nasema: “Haya bibi. Ila?” Na watu wanacheka, kisha wanasema. Mwezi uliopita aliyeleta fomu zetu kwenye kompyuta aliniuliza safu ile aiingizeje, kwa sababu programu haina mahali pake. Nikamwambia asiiingize, aiache kwenye karatasi.

Fomu ya mwisho ya bibi ninayo. Maumivu 1. Dalili nyingine 2. Wasiwasi 0. Kueleza ya moyoni 5. Thamani 4. Moyo kutulia 5. Kupanga ya mbele 4. Waliokuwepo: mkwe, na mtoto mchanga. Na kwenye ule upana wa vidole viwili, kwa penseli yangu: “Ila mtoto bado hajapewa jina, wananisubiri mimi.”